Sitokini: vijumbe vya kinga katika saratani ya mlango wa kizazi

Kumpima mama wa Kiwanja, mji wa Kivu Kaskazini nchini Kongo, dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi hakuhitaji maabara. Muuguzi hupaka asidi ya siki iliyozimuliwa hadi asilimia 3 au 5, husubiri dakika moja, kisha humulika taa: palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Mama akiuliza imekuwaje, jibu lililo karibu ni lile lililozoeleka tangu kampeni za Ukimwi, au sida kama waitavyo Kivu: askari wa mwili wamezidiwa na adui.

Jibu hilo lina ukweli, ila linaacha jambo kubwa. Askari hao hawana macho. Wanajua pa kwenda na la kufanya kwa sababu seli moja hutoa protini ndogo na nyingine huipokea. Protini hizo ndizo sitokini, jina lililobuniwa mwaka 1974 na Stanley Cohen na wenzake kutokana na maneno ya Kigiriki ya seli na mwendo. Mojawapo ilikwishajulikana: interferoni, waliyoigundua Alick Isaacs na Jean Lindenmann jijini London mwaka 1957. Seli iliyovamiwa na virusi huitoa ili kuzionya jirani zake.

Tuziiteje sitokini kwa Kiswahili? Wepesi ungekuwa kusema "protini za kinga", lakini msomaji angedhani zote zinamlinda. Saratani hii inakanusha hilo waziwazi. Chanzo chake ni virusi vya HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani hizi. HPV haiui seli kwa kishindo wala haisambai katika damu. Protini yake iitwayo E6 huing'ang'ania IRF-3, ambayo kazi yake ni kuwasha utengenezaji wa interferoni, na hivyo onyo hufifia. Hata hivyo wanawake wengi huiondoa HPV mwilini ndani ya miaka miwili.

Kwa wachache inabaki, na saratani huweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa. Huko njiani ujumbe wenyewe hubadilika. Interferoni gama, inayozihimiza seli za kinga ziue, hupungua. Interleukini-10 na TGF-beta, ambazo kazi yake ni kutuliza, huzidi. Interleukini-6, ambayo mtu akiwa na kidonda cha kawaida huita msaada, hapa huzisaidia seli za saratani kukua na mishipa mipya ya damu kuchipua kuzilisha. Molekuli ni ile ile.

Ndiyo maana nachagua "vijumbe vya kinga". Kijumbe, kwa wacheza upatu wa Dar es Salaam, hukusanya na kufikisha. Fedha anazozibeba si zake. Katika maandishi ya kitaalamu sitokini ibaki, kwani daktari wa Goma aliyesomea Kifaransa na wa Dodoma aliyesomea Kiingereza wote wataitambua.

Vijumbe hivi vinaeleza pia kwa nini mwanamke mwenye VVU ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hii: seli za kinga za CD4, ambazo VVU huzimaliza, ni miongoni mwa watoaji wakuu wa ujumbe. Chanjo hutangulia mvutano huo wote, kwa kuzuia HPV isiingie kwenye seli. Rwanda, inayopakana na Goma, ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2011.

Kwa mama wa Kiwanja ambaye tayari ana doa jeupe, chanjo haitaliondoa. Doa hilo likiwa dogo na halijawa saratani, huweza kugandishwa au kuunguzwa kwa joto siku ile ile ya kipimo. Barabara ya Goma ikiwa ni ya vita, kama ilivyokuwa waasi wa M23 walipoiteka Kiwanja Oktoba 2022, kumwambia arudi wiki ijayo ni kumpoteza.