Boriti Ndizo Zilizopima Vyumba

Mgeni akiingia nyumba ya mawe ya Lamu hushangazwa na wembamba wa vyumba. Urefu upo wa kutosha, lakini upana ni mita 2.5, pengine 3 tu. Wako wanaotafuta sababu katika stara na faragha. Sababu iliyo wazi zaidi imelala juu ya vichwa vyao: boriti za mikoko. Mkoko ulionyooka, ukitandikwa mawe na chokaa juu yake, hauaminiki ukivuka kipimo hicho. Vyumba vya zamani vya Kuwait na Bahrain navyo ni vyembamba vivyo hivyo, kwa kuwa miti ilitoka mwambao uleule.

Biashara ya miti hiyo ni kongwe. Katika karne ya 10, mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji, yaani mwambao wa Afrika Mashariki. Ghuba ilikuwa na mitende tele, lakini shina la mtende ni nyuzinyuzi na hulegea likibebeshwa mzigo. Watu wa Kuwait waliziita boriti za mikoko chandal. Juu yake walipanga mianzi iliyopasuliwa, wakatandika mikeka, kisha wakakandika udongo. Na paa hilo halikuwa la kukinga jua tu. Usiku wa kiangazi, joto lilipofanya vyumba visikalike, familia nzima ilipanda kulala huko juu. Fundi aliyechagua mti dhaifu alihatarisha roho za watu.

Kuchagua kulianzia matopeni. Mchu, mojawapo ya aina za mikoko, hupinda, hivyo wakataji waliupita au waliuacha uwe kuni. Mlilana ulifaa mataruma ya vyombo. Mti wa nyumba ulikuwa mkoko wenyewe, pamoja na msindi na mkandaa: mgumu, mzito, wenye tanini nyingi, na mchwa hawaupendi. Baada ya hapo unene ndio uliotoa jina. Nyembamba kabisa ni fito, zikifuatwa na pau, mazio, boriti, kisha nguzo. Miti iliuzwa kwa korja, yaani 20 kwa mara moja, na mnunuzi mjuzi hakukubali mazio yachanganywe na boriti.

Delta ya Rufiji ilikuwa ghala kuu. Mabumu, majahazi ya Ghuba, yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni miti. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia kutoka Australia, alifika Rufiji ndani ya bumu la Kuwait lililoitwa Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Najdi. Maelezo yake ya kupakia miti katikati ya matope, joto na mbu yanatosha kumwondolea mtu dhana kwamba safari za majahazi zilikuwa za kishairi.

Hata hivyo, mti uleule haukufanya kazi sawa kila mahali. Ghuba ni kavu. Udongo wa paa ulihitaji kukandikwa upya mara kwa mara, lakini boriti zilidumu. Lamu na Unguja kuna masika. Chokaa ya paa tambarare ikipata ufa, maji huteremka hadi ncha ya boriti iliyozama ukutani, na hapo ndipo kuoza huanzia, mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo maana watu wa Lamu waliezeka makuti juu ya dari zao, na Mji Mkongwe wa Unguja ukajaa mabati. Usanifu wa nchi kame ulisalimu amri mbele ya mvua, ingawa wapenzi wa majengo ya kale bado hulalamikia mabati hayo.

Kilichovunja soko ni mafuta. Kuwait ilianza kuyasafirisha mwaka 1946, na fedha zake zikaleta saruji na nondo, vitu visivyojali kipimo cha mkoko. Mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje ya nchi. Lamu, ambako zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya huota, iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na fundi anayekarabati nyumba zake za mawe bado anahitaji boriti zilizonyooka, huku msitu unaozitoa ukiwa chini ya ulinzi wa serikali.