Pazia na Mkono Ulioishona

Milango ya Mji Mkongwe wa Unguja imehesabiwa, imepigwa picha na kuandikiwa vitabu. Kila njumu ya shaba na kila ua lililochongwa juu ya upapi limepata wa kulieleza. Pazia lililoning'inia nyuma ya mlango huo limeandikwa kwa uchache mno. Sababu ya kwanza iko wazi: msaji hudumu, nguo huoza. Ya pili haisemwi sana. Mlango ulichongwa na fundi wa kulipwa, ilhali pazia aghalabu lilishonwa na mwanamke aliye ndani, na kazi ya ndani haikuandikiwa hati.

Tarikhi ya pazia yafaa ianzie Lamu na Pate. Nyumba za mawe za karne ya 18 zilikuwa karibu hazina madirisha ya kutazama njia. Mwanga na upepo viliingia kwa juu, katika kiwanda, na kutoka hapo vyumba vilifuatana kuelekea ndani: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani kwenyewe. Boriti za mikoko haziruhusu upana wa kupita mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, na msana ukawa wazi upande wa kiwandani. Hapo nguo ilifanya kazi ya ukuta. Ilishushwa mgeni alipobisha hodi, ikapandishwa alipokwenda zake, na upepo haukuzuiliwa na mtu. Katika nyumba kongwe za Lamu, na katika magofu ya Gedi ambayo James Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948, yangalipo matundu ya vigingi vya kutundikia nguo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoililia Pate katika Al-Inkishafi, alivikuta vidaka vimekuwa viota vya ndege. Vidaka angalau vilibaki vikaonekana. Nguo za misana zilikwisha zamani.

Lilikuwapo pia pazia lililotembea. Mabibi wa koo kubwa za Lamu na Mombasa walipotoka walitembea ndani ya shiraa, nguo iliyozungushwa pande zote na kubebwa kwa miti. Waliobeba walikuwa watumwa. Stara ya mmoja ilikuwa mzigo begani mwa mwingine, na anayeisifu shiraa asilisahau bega hilo.

Unguja ya karne ya 19 ilijenga kwa namna nyingine. Nyumba zilipanda ghorofa, zikatoa roshani na madirisha marefu yenye nondo. Neno dirisha lenyewe ni la Kiajemi, lenye asili ya kumaanisha mlango mdogo. Madirisha yalipoongezeka, nguo za kuyafunika nazo zilitakiwa, na bandarini nguo hazikukosekana. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za Salem zikaleta ile bafta nzito isiyotiwa rangi ambayo watu waliiita merikani. Nguo hii ilivaliwa, ilitandikwa, ilishonwa matanga, na pazia la nyumba ya kawaida lisingeomba nguo iliyo bora kuliko hiyo. Lakini pamba yake ilichumwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, na ilibadilishwa kwa pembe zilizoletwa pwani kwa mabega ya wapagazi, wengine wao watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliikata biashara hiyo. Nguo za Uingereza na Bombay zikashika nafasi yake, jina la merikani likabaki.

Kisha ikaja cherehani, na jina lake nalo limetokana na gurudumu la Kiajemi. Hata hivyo pazia halikuihitaji sana. Kazi yake ni sindano, uzi na subira: kupima dirisha, kuzidisha upana ili nguo ipate mikunjo, kupinda kando, kupiga bandi, na juu kuacha nefe, kama ile ya suruali, ya kupitishia kamba. Pazia la Unguja mara nyingi ni nusu. Huziba chini, aliyekaa sakafuni asionekane, na huacha juu wazi kwa ajili ya upepo wa kusi. Hekima hii ya kipimo hailingani na pazia zito la kufika chini linalopendwa leo, ambalo hufunga stara na hewa kwa pamoja.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, zikagawiwa familia kadhaa kadhaa. Ukumbi uliojengwa kwa jamaa mmoja ukakaliwa na jamaa watatu au wanne, na mpaka baina yao ukawa nguo juu ya kamba. Msana wa Lamu ulirudi kwa njia isiyotarajiwa, safari hii bila mgeni wa kuondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguo zilipoadimika Tanzania nzima, kanga kuukuu ilipanda dirishani.

Kanga ilienea mwishoni mwa karne ya 19, na wanawake waliotoka utumwani baada ya amri ya 1897 waliivaa waachane na merikani na kaniki. Kuifanya pazia kuna mtihani wake. Nefe humeza pindo la juu, si neno. Lakini jina liko chini, nalo husomeka upande mmoja tu, upande wa pili herufi hugeuka. Kwa hiyo mshonaji huamua kabla ya kutia sindano: lisomwe na walio ndani, au na wapitao njia.