Fundi wa laboratwari: anasoma wapi, anaingia kazi namna gani?

Mwaka 2017, polio ilipotokea Haut-Lomami, choo ya watoto ilipimwa mbali, INRB ya Kinshasa. Choo inakamatwa mara 2 na kuchungwa kwa digrii 2 mpaka 8. Baridi ikikosekana, majibu hayaaminiwe. Hiyo ni kazi ya fundi.

Masomo: A2 anasoma ITM, ndani ya sekondari. A1 anasoma ISTM miaka 3, kisha diploma ya Leta.

Kazi: mu univasite ya Leta, kama UNIKAM hapa Kamina, fundi anahesabiwa kati ya PATO, wafanyakazi wasio walimu. Barua ya kazi haitoshi: anangojea matrikule, kisha kuingizwa ku listi ya mushahara. Wenye kuchoka kungoja wanaenda ku migodi ao mashirika, na mikroskopi inabaki bila mutu.