Mchoro wa matumizi ya ufunguo msingi

Mchoro wa matumizi ya ufunguo msingi ni grafu inayoonyesha, kwa kila jedwali la hifadhidata, ni sehemu gani ya namba za utambulisho imekwisha kutumika. Kwa kawaida kila jedwali huchorewa mwambaa wake, na lililo karibu na kikomo huwekwa juu. Namba ya biti 32 yenye alama hukomea 2,147,483,647; ikifika hapo, jedwali hukataa safu mpya. Novemba 2018 programu ya kusimamia miradi ya Basecamp 3 ilikutwa na hali hiyo, ikabaki ya kusoma tu kwa takriban saa 5.

Kuhesabu safu zilizopo hakutoshi, na hili ndilo kosa linalopotosha michoro mingi: safu zilizofutwa na miamala iliyobatilishwa huacha mapengo, hivyo jedwali lenye safu chache laweza kuwa ukingoni. Kipimo sahihi ni namba ya juu iliyofikiwa. Katika MySQL, uwiano wa namba hiyo na kikomo husomwa kwenye sys.schema_auto_increment_columns.

Funguo za kigeni, yaani namba za majedwali mengine zinazorejelea ufunguo msingi, nazo zichorwe, kwani huweza kubaki biti 32 hata ufunguo msingi wenyewe ukipanuliwa kuwa biti 64.