Nogi, mfumu na sheria ya Mwingereza

Mtu wa Kiloleli, mkoani Simiyu, akimtaja mchawi kwa Kisukuma husema nogi. Wakiwa wengi ni balogi, na kazi yao ni bulogi. Lakini Usukuma hauna hakimiliki ya neno hilo. Mkikuyu ana murogi, Mganda omulogo, Mnyarwanda umurozi, Mshona muroyi, Msotho moloi, na Mkongo ndoki. Kwenye Kiswahili tuna kuroga na mlozi. Wanaolinganisha lugha za Kibantu huyarudisha yote kwenye mzizi mmoja, wa tangu kabla wasemaji wake hawajatawanyika, maelfu ya miaka iliyopita.

Mzizi huo unataja tendo, wala haubagui mwanamume na mwanamke. Nogi ni yeyote anayeroga. Pembeni yake yupo mfumu, mganga mpiga ramli, ambaye Usukumani hupasua kuku na kusoma yaliyomo ndani. Wengine wana shaka tu. Yeye ndiye hutoa jina.

Waingereza nao walikuwa na mambo yao. Neno lao "witch" lilitokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale, wicca kwa mwanamume na wicce kwa mwanamke. Miisho ikamomonyoka, likabaki neno moja, na baadaye watu wakawa wakilisikia wanamwona bibi kizee. Sheria yao ya 1604 ilinyonga. Ile ya 1735 ikageuza kibao: bunge halikukubali tena kwamba uchawi upo, hivyo aliyeadhibiwa ni anayejidai kuwa na nguvu hizo.

Mawazo hayo ndiyo maofisa wao waliyokuja nayo Tanganyika. Baada ya sheria ya 1922 ilifuata ya 1928, ambamo kuroga, vifaa vya kurogea na madai ya kujua ya siri viliwekwa kapu moja. Mkuu wa wilaya akapewa uwezo wa kumhamisha mtuhumiwa akaishi kwingine. Fikiria mwanakijiji anavyoitafsiri amri hiyo: serikali imemwondoa, kumbe kweli alikuwa nogi! Uingereza iliifuta sheria yake ya 1735 mwaka 1951. Yetu ipo hadi leo, Sura ya 18.

Watu wenyewe hawakungoja mahakama. Takwimu za serikali zilizochambuliwa na msomi Simon Mesaki zinaonyesha kuwa kati ya 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara watu 3,693 kwa tuhuma za uchawi, wanawake 2,286 na wanaume 1,407. Sehemu kubwa walikuwa wa Mwanza na Shinyanga, na Bariadi, ambayo leo ipo Simiyu, wakati huo ilikuwa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012. Mesaki anakumbusha kwamba miaka hiyo ndiyo ya Operesheni Vijiji, iliyowakusanya pamoja watu waliozoea kuishi mbalimbali, kila mji na mashamba yake. Zamani ukimshuku jirani ulihama. Sasa mnaonana kila asubuhi kisimani.

Na ushahidi? Macho mekundu. Usukuma ulikwishakatwa miti, kwa pamba na kwa kufukuza mbung'o, na bibi aliyepikia kinyesi cha ng'ombe miaka arobaini hawezi kuwa na macho meupe. Wengi walikuwa wajane wenye kipande cha ardhi ambacho mtu mwingine alikitaka. Hapo ndipo neno lisilo na jinsia lilipopata jinsia, na sioni kama imani peke yake inatosha kulieleza hilo.

Mwaka 2002 sheria ya tiba asili ilimpa mganga wa miti shamba nafasi yake rasmi. Januari 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi, na Januari 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli, mara zote mbili kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Safari hii aliyesakwa alikuwa mfumu. Magazeti yakaibeba kazi yake kwa jina lililozoeleka mpaka vijijini, ramli chonganishi.