Kuuzisha jina la intaneti: namna ya kupata mununuzi bila kuingia mu matatizo

Tangu mwaka 2024, mugodi wa zinki wa Kipushi, ambao ulisimamisha kazi mu 1993, unazalisha tena. Kampuni ndogo za usafiri, chakula, nguo za kazi na matengenezo ya magari zinatafuta kazi. Mwenye kutoa kazi anaomba karatasi, namba ya telefone, na mara mingi imeli yenye jina la kampuni. Njo fasi vijana wamoja wanaona biashara: kuandikisha majina ya intaneti mapema, kisha kuyauzisha. Biashara hiyo iko ya kweli, lakini inaomba akili.

Jina la intaneti ni nini?

Ni adresi ambayo mutu anaandika ili kufika kwenye tovuti, ama ile inayokuja nyuma ya alama @ mu imeli. Kipande cha mwisho kinaonyesha aina yake: .com inatumiwa na biashara za dunia yote, .zm ni ya Zambia, .cd ni ya inchi yetu. Wakati wa Zaire ilikuwa .zr. Ile .cd ilikuja mu 1997, na .zr ikafutwa mu 2001.

Mutu hanunui jina kwa milele. Analilipia kila mwaka, sawa vile mupangaji analipa nyumba. Jina la .com linaomba karibu dola 10 mpaka 20 kwa mwaka. Kama munashika majina 20 bila kuuzisha hata moja, kila mwaka munapoteza dola 200 mpaka 400. Kwa hiyo mwanzo mzuri ni majina mawili ao matatu, si makumi.

Jina gani linauzika?

Jina fupi, lisilo na alama katikati, ambalo mutu analisikia kwenye redio na analiandika bila kukosea. Jina linaloonyesha kazi na fasi, kama vile neno la garaji ao la hoteli pamoja na Kipushi ao Katanga, linaweza kupata mununuzi hapa. Kweli, mu 2019 jina Voice.com liliuzishwa dola milioni 30, lakini hiyo ni ajabu ya dunia. Musipange maisha juu yake.

Jina la kampuni yenye kujulikana, apana! Wamoja wanafikiri wataandikisha jina la kampuni ya mugodi ao ya telefone, kisha wataomba feza mingi. Tangu 1999 kuna kanuni ya dunia juu ya .com: mwenye chapa anaweza kupeleka mashitaka kwa shirika kama OMPI, kule Geneva. Akionyesha kama jina linafanana na chapa yake, kama wewe huna haki juu yake, na kama uliandikisha kwa nia mbaya, jina linachukuliwa bila wewe kulipwa kitu. Na ile barua uliyomuandikia ya kumuuzishia jina kwa bei ya juu inaweza kuwa ushuhuda juu yako.

Kutafuta mununuzi

Komisyonere wa nyumba hangojei mutu apite. Anajua nani anatafuta. Fanya vilevile. Andika orodha ya watu kumi wenye kazi inayolingana na jina: wenye kutumia bado adresi ya bure, ao wenye jina refu na gumu. Kisha uandikie mutu mumoja mumoja. Ujumbe mufupi unatosha:

“Jambo Papa. Jina hili liko mu mikono yangu na linalingana na kazi yenu. Bei ni dola 150. Likiwa lenu, imeli za wafanyakazi wote zitakuwa na jina moja. Kama hamulihitaji, hakuna shida.”

Taja bei wazi. Ili kuipanga, hesabu kwanza gharama: dola 15 kwa mwaka, miaka 4, ni dola 60. Chini ya pale unapoteza. Juu yake, angalia mununuzi atapata faida gani. Majina yanayofaa dunia yote munaweza kuyaweka kwenye soko kama Sedo ya Ujerumani, ambayo inakata komisyo.

Feza na kuhamisha

Kama munafahamiana, muende pamoja mbele ya kompyuta: feza inaingia, jina linapita kwenye konti ya mununuzi siku ileile, na karatasi inatiwa sinyatire. Kama mununuzi iko mbali, tumia huduma inayoshika feza katikati, kama Escrow.com, mpaka jina lifike. Kode ya kuhamisha ni kama funguo. Usiitoe mbele ya feza. Kwa kawaida jina la .com lililoandikishwa sasa hivi halihami kwenda kampuni ingine ya uandikishaji mbele ya siku 60.

Tena, angalia wezi. Mutu anaandika kama atatoa maelfu ya dola, lakini wewe ulipe kwanza “cheti cha bei”. Huyo hana nia ya kununua. Anatafuta feza ya cheti.

Usisahau tarehe

Mwisho wa 2020, scpt-network.com, jina lililobeba moja ya seva zinazoongoza .cd yote, lilibaki bila kulipiwa. Mutaalamu mumoja wa Sweden, Fredrik Almroth, aliliandikisha ili wezi wasilipate, na mu Januari 2021 akaeleza: karibu nusu ya maombi ya .cd ingeweza kuanguka mu mikono mibaya. Hiyo ilitokea juu ya jina la inchi nzima. Kwa jina lako, andika tarehe ya mwisho mu kalenda, na ulipe mwezi mumoja mbele. Na ukiisha kuuzisha, umuambie mununuzi afanye vilevile.