Kesi ya Akonaay

Kesi ya Akonaay ni shauri la ardhi lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mjini Arusha mwezi Desemba 1994, kati ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali na wakulima wawili, baba, Akonaay, na mwanawe, wa kijiji cha Kambi ya Simba katika eneo la Karatu. Shamba lilikuwa moja tu, lakini hoja iliyobishaniwa iligusa wakulima wengi nchini, yaani kama mtu anayelima ardhi kwa mila, bila hati mkononi, anamiliki mali au ameruhusiwa tu kukaa.

Utata huo ulianzia katika sheria ya ardhi ya mwaka 1923, ambayo Waingereza waliitumia kuifanya ardhi ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana, mamlaka ambayo baada ya uhuru yalihamia kwa Rais. Mwenye hati alikuwa na karatasi ya kuonyesha, ilhali mwenye shamba la urithi alitegemea kumbukumbu za ukoo na ushahidi wa majirani. Huko Hanang, ambako shirika la umma la NAFCO lilitwaa malisho ya Wabarbaig kwa ajili ya mashamba ya ngano, wanakijiji wa Mulbadaw walishinda katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 wakashindwa kwenye rufani, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Ni vigumu kupata mfano mchungu zaidi wa sheria kumgeuza mtu mgeni kwao.

Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini na mashamba ya baadhi yao yakagawiwa wengine. Akonaay na mwanawe nao walipoteza shamba lao kwa njia hiyo, na mwaka 1987 walifungua kesi katika Mahakama ya Hakimu Mkazi mjini Arusha, wakashinda na kurudishiwa shamba. Rufani ikiwa bado haijasikilizwa, Bunge lilitunga Sheria Namba 22 ya mwaka 1992, iliyofuta haki za kimila katika vijiji hivyo, ikazuia fidia, ikakatisha kesi zilizokuwa mahakamani na kuzuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe.

Mahakama Kuu iliitangaza sheria hiyo kuwa kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, haikuifuta yote, lakini ilibatilisha masharti yaliyonyima fidia na yale yaliyofunga milango ya mahakama, ikaamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24. Iliona kwamba, kama si hivyo, wananchi wengi wangekuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe. Aidha, fidia inayostahili haikomei kwenye nyumba au mazao, kwani hata jasho lililotumika kuiandaa ardhi huipa thamani. Kipimo hicho cha jasho kilimfaa mwenye jembe kuliko mfugaji, ambaye kazi yake haiachi alama ya wazi juu ya udongo, na huo ndio upungufu mkubwa wa hukumu hiyo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inaipa hatimiliki ya kimila hadhi na nguvu sawa na hatimiliki inayotolewa na Serikali.